Vipimo vya bei nafuu vya lupasi na baridi yabisi, uzoefu wangu

Naona watu wanauliza kama hivi vipimo vya bei ndogo vya magonjwa ya kinga kushambulia mwili vina maana au ni kutupa hela, basi niseme yaliyonikuta.

Ilianza vidole, asubuhi vinakakamaa mpaka kifuniko cha chupa kinanishinda, vinalegea saa tano huko, na uchovu ule wa kulala unaamka umechoka vilevile. Kipimo cha kwanza RF (kinatafuta kingamwili inayoonekana sana kwa wenye baridi yabisi), kile cha kwenye kioo: tone la majimaji ya damu, tone la dawa nyeupe, wanachanganya wanatikisatikisa dakika mbili, ikifanya vipunjepunje kama maziwa yaliyokatika ndo kimesoma. Yangu ilikatika naiona kwa macho yangu. Nikarudi nyumbani nishajipa baridi yabisi na kulia nimelia. Kumbe! Daktari akacheka kidogo (sikupenda) akasema RF inasoma hata kwa mwenye homa ya ini C, hata TB, hata wazee wengine wasioumwa kitu, na wapo wenye baridi yabisi kabisa haisomi.

ESR ni rahisi, damu inasimamishwa kwenye mrija saa nzima halafu wanaangalia chembe zimeshuka milimita ngapi, yangu 78, iko juu. Inakwambia kuna moto mwilini (uvimbe), wapi haikwambii.

Kilichonitoa gizani ni kijiti cha mkojo, na nusura nikikatae maana mimi naumwa vidole mkojo wa nini?? Kile kimraba cha protini kilitoka njano kikawa kijani, daktari akaacha kuandika akakichukua akakiangalia tena. Lupasi inaweza kula figo na wewe husikii maumivu yoyote. Hapo ndo akaomba ANA (kinatafuta kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili wako mwenyewe) na kuhesabu chembe za damu, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikakutwa chini.

Sasa lawama zangu. Karatasi ya ANA ilirudi imeandikwa POZITIVU, basi, hakuna namba. Msikubali hiyo jamani, kwenye 1:80 (yaani majimaji ya damu yamezimuliwa mara 80 na bado yanasoma) watu wazima kabisa wasio na ugonjwa kama 13 kwa 100 nao wanasoma, kwahiyo neno tupu halimsaidii daktari. Ikabidi nitolewe damu upya nilipe upya, safari hii ya hadubini, ikaja 1:640. Hiyo hela ya pili bado inaniuma.

Ile paketi ya vipimo kumi kwa mpigo wanayokushawishi uchukue sikuichukua na sijutii, anza na mkojo, chembe za damu na ESR, hivyo vingine aombe daktari akishakushika viungo.

Anti-dsDNA, kipimo cha kingamwili za lupasi zinazoshambulia DNA, bado nasubiri, sampuli ilisafirishwa na hii ni wiki ya tatu. Kijiti cha mkojo sasa nakidai mwenyewe kila kliniki, nikiona nakaribia kutoka sijapewa kikopo narudi dirishani kuuliza.