Mtandio uliotiwa rangi na bakteria wa baridi: mzuri, ila usiupulizie manukato

Miezi mitano nimeuvaa, sasa naweza kuusemea.

Nilikuwa napita tu kwenye maonyesho ya kazi za mikono huku Uingereza. Nikauona: hariri, zambarau ya biringanya, sehemu nyingine imekolea, nyingine nyepesi kama moshi. Nikauliza, batiki hii? Muuzaji akasema hapana, rangi imetiwa na bakteria. Mkono niliurudisha upesi!

Wameshakufa, akanitoa hofu. Kitambaa hupikwa kwanza kwa presha kuua vijidudu vingine, kisha hulazwa kwenye chakula cha bakteria waitwao Janthinobacterium lividum, wakaachwa waote siku kadhaa. Kinarudishwa kwenye presha, wao wanakufa, rangi inabaki. Walipoota sana ndipo palipokolea, kwa hiyo hupati mitandio miwili inayofanana. Bakteria hawa hupatikana udongoni, majini, hata kwenye barafu ya milimani. Joto hawalitaki, nyuzi 25 zinawatosha, na kwenye friji bado wanakua polepole. Ukilinganisha na poliesta, ambayo kiwandani hutiwa rangi kwenye maji ya nyuzi 130 hivi, unaona kwa nini wenye viwanda wanawachungulia.

Nimeufua kwa mkono mara sita, maji baridi, sabuni ya mtoto. Beseni jeupe pe! Kanga mpya ingeshanigeuzia maji yote mekundu.

Balaa lilikuja siku ya harusi. Nimeshajitanda, nikajipulizia manukato ya chupa shingoni. Kurudi nyumbani nakuta doa: katikati peupe, pembeni duara la zambarau, na rangi nyingine imehamia kwenye kola ya gauni. Kumbe rangi hiyo, violaseini, kwenye maji haiyeyuki lakini kwenye spiriti inayeyuka vizuri sana. Kikaratasi chao kilisema "fua kwa mkono", basi. Nilipowaandikia waliniomba radhi. Doa ninalo mpaka leo. Siku hizi naufukiza udi tu, na rangi haijadhurika.

La pili ni jua. Niliusahau juu ya kiti karibu na dirisha wiki mbili. Upande ulioelekea nje umepauka, na ukiukunjua kuna mstari ulionyooka kama wa suruali iliyopigwa pasi. Na hilo ni jua la Uingereza, ambalo sisi wa Tanga tungeliita kivuli. Kwa hiyo ukisikia rangi hizi ziko tayari kwa sare za shule, muulize anayesema kama amewahi kuanika nguo saa saba mchana.

Pauni 70 sijutii. Kwa harusi ya usiku, kwa zawadi ya mama mkwe asiyependa manukato ya chupa, nunua. Kwa kwendea sokoni, hapana.

Nyota tatu. Ya nne nitawapa wakibadilisha kile kikaratasi.