Dumu la chuma la lita 20: miezi saba nikibeba petroli kutoka Moshi hadi Nyumba ya Mungu

Nianze na bei maana ndiyo kila mtu anayoniuliza: shilingi 90,000 kwa dumu moja, na nilinunua mawili. Shemeji aliposikia alishika kiuno. Hela hiyo, akasema, si ungenunua madumu ya njano ya mafuta ya kula hadi mengine ukagawia majirani? Ni kweli. Na hayo ya njano ndiyo tuliyoanza nayo.

Petroli ninayobeba ni ya boti ya shemeji, ya faiba, mashine ni Yamaha ya 15. Inakaa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata, wilaya ya Mwanga, na inavusha watu na mizigo na perege. Mimi nakaa Pasua hapa Moshi, kwa hiyo kazi ya petroli iliniangukia mimi. Mashine ile ukiifungulia moto wote inakunywa kama lita 6 kwa saa, na kule bwawani petroli rahisi kuipata ni ya chupa za maji, zile zinazopangwa mbele ya duka kwa ajili ya bodaboda. Sisemi wauzaji wote ni wabaya. Ila bodaboda akizimikiwa anashuka, anasukuma. Wewe uko katikati ya maji, upepo wa mchana umeshaanza, utasukuma nini? Siku moja tulifungua chujio la mashine tukakuta maji yametulia chini, petroli imeelea juu yake, mstari unauona kabisa kama chai ya rangi na mafuta ya supu. Toka hapo shemeji akasema petroli itoke mjini, sheli, na risiti.

Safari ya kwanza nilipanda Noah na dumu la njano nimelifunga kwenye kiroba. Hatujafika hata Kiboriloni konda akaanza kunusa.

"Mangi, umebeba nini?"

"Mafuta ya kula."

"Ya kula ndiyo yananuka hivi?"

Nikashushwa na dumu langu, abiria wananiangalia kama mwizi wa kuku. Na konda alikuwa sahihi, nakiri. Sisi tulioona picha za lori la petroli lililolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, hatuna haja ya kufundishwa petroli inafanya nini karibu na watu.

Safari ya pili nikaazima pikapu ya jirani. Kosa langu likawa kujaza hadi shingoni. Ilikuwa Februari, jua la Himo mnalijua. Kushuka kuangalia, dumu limevimba kama chura, kifuniko kinatokwa jasho. Petroli ikipanda joto nyuzi 20 tu, lita 20 zinaongezeka karibu mililita 400, na hapo sijahesabu mvuke. Ile plastiki imetengenezewa alizeti na korie, haikutengenezewa hili. Nililegeza kifuniko pole pole, mbali na barabara, pua nimeigeuzia upande, mkono unatetemeka.

Mara ya tatu sheli yenyewe ikakataa. Dada wa pampu aliliangalia dumu la njano, akaangalia juu kwenye kamera. "Kaka, hilo sijazi. EWURA wakija ni mimi na wewe." Hao ndio mamlaka inayosimamia mafuta nchini. Msimamizi ndiye aliyenisaidia: niletee chombo cha chuma cha mafuta, na barua ya mwenyekiti wa kijiji inayosema boti iko wapi na ya nani. Barua ilichukua siku mbili na soda moja. Chombo kilichukua wiki mbili za kuzunguka maduka ya vipuri, mpaka nikakutana na haya madumu mawili ya kijani, ya mtindo wa jeshi.

Sasa sifa zake. Kifuniko hakizungushwi, kinabanwa kwa komeo na pini ndogo ya kulizuia lisifunguke likigongwa. Ndani ya mdomo kuna kijibomba cha hewa, kwa hiyo ukimimina mafuta hayaji kwa kwikwi ya glu-glu-glu na kukurukia kwenye suruali. Juu lina vishikio vitatu. Mwanzo nilidhani ni urembo. Likijaa ni karibu kilo 20, dumu lenyewe na petroli ambayo ni nyepesi kuliko maji. Ukishika cha katikati unabeba peke yako, mkichukua vya pembeni mnabeba wawili. Pale ufukweni penye tope la kuzama hadi kwenye kifundo, huo urembo ndio unaokutoa.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba ukiweka lita 20 kamili, juu inabaki nafasi ya hewa. Limechorwa hivyo makusudi. Petroli ikitanuka ina pa kwenda. Faida ya pembeni: nimeshajua lita 20 halisi zinafika wapi, kwa hiyo pampu ikisoma 20 na mafuta yako chini ya pale, nauliza. Nimeuliza mara moja tu, sheli ambayo siitaji, na sijarudi tena.

Kujaza kuna adabu yake. Dumu linashushwa chini, kwenye sakafu, halijaziwi juu ya pikapu. Bomba la pampu liguse mdomo wa dumu muda wote, mafuta yaje taratibu. Ni umeme ule wa msuguano, haujulikani umekaa wapi mpaka utoe cheche. Simu inabaki kwenye gari.

Lawama. La pili lilikuja na mpira wa kifuniko uliokauka. Likisimama halivuji, likilala linalia. Muuzaji akaniambia "huo mpya kaka, umekaa tu dukani." Nikajifanya fundi, nikakata duara kwenye tyubu ya baiskeli. Wiki mbili baadaye nafungua nakuta tyubu imevimba na kulainika, naibonyeza kama bazoka iliyotafunwa, vipande vimeanza kuingia kwenye mafuta. Mpira wa kawaida na petroli havikai nyumba moja. Mwisho nililipa 6,000 kwa mpira wa kweli. Ukienda kununua, fungua kifuniko, bonyeza mpira kwa ukucha. Mpira usiporudi haraka kwenye umbo lake, omba mwingine kabla hujatoa hela. Na ulimulike ndani kwa tochi uone kama kuna kutu. Mdomo wa kumiminia nao unauzwa peke yake, jambo lililoniudhi sana.

Kwa wenye mashine za kuchanganya oili: mashine yetu ni 50 kwa 1, maana yake dumu moja la lita 20 linakula mililita 400. Oili iwe ya mashine za boti. Ile ya pikipiki ni ya injini inayopozwa na hewa, hii yetu inapozwa na maji. Tunaweka oili kwanza, kisha petroli juu, barabara ya vumbi kutoka Kifaru inaitikisa, ikifika kule imeshachanganyika yenyewe.

Nondo moja ya mfukoni: bei kikomo za EWURA hubadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa Kilimanjaro tunahesabiwa kwa mafuta ya bandari ya Tanga pamoja na Arusha na Manyara. Ikisikika inapanda, mimi naenda Jumanne. Ila madumu mawili tu, sirundiki mafuta nyumbani kwenye watoto.

Tangu Machi mashine haijazima majini hata mara moja. Rangi ya kijani imeanza kubanduka kwenye kona, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni shemeji, aliyeshika kiuno kwa ajili ya bei: siku hizi akiendesha boti analikalia lile la kwanza kama kigoda, sigara sikioni. Nimeshamwambia mvuke wa petroli unazama chini, unakaa humo humo kwenye sakafu ya boti. Anasema sigara haijawashwa.