Kupe kang'ang'ania: mafuta ya taa au kibano?

Umetoka porini, unaoga, unakuta kupe kajichimbia nyuma ya goti. Wengi hukimbilia mafuta ya taa, wengine njiti ya kiberiti. Ubaya wake ni kwamba kupe haachii papo hapo. Akisumbuliwa anaweza kucheulia mate kwenye jeraha, na bakteria wa homa ya kupe hupitia humo humo. Njiti nayo itakuachia lengelenge la bure.

Kibano cha kung'olea nyusi kinashinda kwa mbali. Mbane mdomoni, karibu kabisa na ngozi, si tumboni, umvute juu taratibu bila kusokota. Osha kwa sabuni, paka spiriti. Ukipata homa au kidonda chenye gaga jeusi ndani ya wiki mbili, nenda hospitali na umtaje huyo kupe.