FreeBSD 14 kwenye seva ya ofisi: naanza na leseni, kasi baadaye

Ninahudumia kompyuta za ofisi ndogondogo hapa Tanga: steshenari, wakala wa forodha, ofisi ya mawakili wawili, zahanati moja ya binafsi. Nikiletewa mfumo endeshi mpya, cha kwanza ninachotazama ni leseni. Mfumo huu ni wa nani? Yupo anayeweza kubisha hodi siku moja akadai tunatumia mali yake bila idhini? Siku hizi ofisi ikiomba tenda inaweza kukuta kipengele kinachotaka orodha ya programu zote na uthibitisho wa leseni zake, na nimeona watu wazima wakihangaika usiku kucha kwa sababu mashine zao zote ziliwekewa programu za kukraki kutoka kwenye fleshi ya fundi wa mtaani.

FreeBSD 14 nimeiweka kwenye seva ya yule wakala wa forodha. Ni kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM GB 16, diski mbili za TB 2, kazi yake kutunza nyaraka za mizigo na kuzigawa kwa mashine za ofisini. Mfumo wenyewe ni bure. Kuusakinisha ni menyu za maandishi tu, hakuna madoido. Ukishajua diski zako na jina la kadi ya mtandao, muda wa chai unatosha. Ushauri wangu kwa mafundi wenzangu: kwenye menyu ya vipande vya ziada, weka alama kwenye "src". Hapo unapata msimbo chanzo wa mfumo mzima, yaani maandishi ya programu zenyewe, ndani ya mashine yako, na humo ndimo yalimo niliyotaka kuwaonyesha.

Fungua faili liitwalo kern_fork.c, lililomo kwenye /usr/src/sys/kern. Ndilo linaloshughulika na kuzaa kazi mpya ndani ya kompyuta. Kila programu unayoiwasha imepitia humo. Juu kabisa, kabla ya mstari wowote wa kazi, kuna tangazo la hakimiliki la Chuo Kikuu cha California lenye miaka inayoanzia 1982 hadi 1993. Chini yake kuna jina la pili: UNIX System Laboratories. Kisha maelezo kwamba faili zima au sehemu yake imetokana na kazi ya kampuni ya simu ya AT&T au ya hao UNIX System Laboratories, na kwamba imechapishwa kwa ruhusa yao.

Ruhusa hiyo ilipatikana kwa kesi, na kwangu mimi ndiyo sifa kubwa ya bidhaa hii.

Unix, mfumo endeshi wa zamani, ilizaliwa AT&T. Berkeley, kampasi ya Chuo Kikuu cha California, walipewa leseni ya msimbo wake, wakauendeleza miaka nenda rudi, ikawa BSD. Tatizo ni kwamba aliyetaka BSD alilazimika kwanza kuwa na leseni ya AT&T, na bei yake ilikuwa ikipaa. Keith Bostic wa Berkeley akaanza kukusanya watu wa kujitolea waandike upya zana za Unix kwa kufuata maelezo yaliyochapishwa, bila kugusa msimbo wa AT&T. Yeye, Mike Karels na Kirk McKusick wakaupitia moyo wa mfumo faili kwa faili wakiondoa cha AT&T. Juni 1991 Berkeley wakatoa toleo lililoitwa Networking Release 2, likipungukiwa na faili sita tu ili liwe mfumo kamili. Bill Jolitz akaziandika hizo sita, na mwaka 1992 ikatoka 386BSD ya kompyuta za kawaida za mezani.

Kampuni changa ya BSDi nayo ikaanza kuuza mfumo wa namna hiyo mwaka huohuo kwa dola 995, chini mno ya bei ya AT&T, tena kwa namba ya simu iliyosomeka 1-800-ITS-UNIX. UNIX System Laboratories, tawi la AT&T, wakakimbilia mahakamani New Jersey. BSDi wakajitetea: sisi tumechukua kile ambacho chuo kinagawa bure, tukaongeza faili sita, dai lenu ni lipi katika hizo sita? Jaji Dickinson Debevoise akakubaliana nao kwamba mdai ajibane kwenye hizo sita au kesi ifutwe. Mdai akageuka, akakiunganisha chuo chenyewe kwenye kesi. Mwaka 1993 jaji akakataa kutoa zuio la muda walilolitaka.

Kisha likaja lililonifurahisha kuliko yote nilipolisoma. Chuo kikafungua kesi yake huko California, kikisema: ninyi mmechukua msimbo wetu wa BSD mkautia kwenye System V, Unix yenu, na mmeshindwa hata kututaja kama leseni yetu inavyotaka. Kumbe aliyelalamika kuibiwa naye alikuwa na kitu cha watu ndani ya nyumba yake. Kipindi hichohicho kampuni ya Novell iliinunua UNIX System Laboratories, na bosi wao Ray Noorda alikuwa mtu wa kupendelea ushindani wa sokoni kuliko wa kortini. Mapema mwaka 1994 wakapatana. Katika faili zipatazo 18,000, tatu ziliondolewa. Nyingine chache zikarekebishwa, na zipatazo 70 zikaandikwa jina la UNIX System Laboratories juu yake huku zikiendelea kugawiwa bure. Faili tatu, baada ya takribani miaka miwili ya mawakili! Na masharti ya mapatano hayo yalifichwa hadi mwaka 2004, yalipopatikana kwa sheria ya California ya kumbukumbu za umma.

FreeBSD wakati huo ilikuwa mtoto mchanga. Toleo lake la kwanza, la mwishoni mwa mwaka 1993, lilijengwa juu ya Networking Release 2, na mapatano yakailazimu kuacha msingi huo mwishoni mwa Julai 1994. Waandishi wake wakahamia kwenye 4.4BSD-Lite, msimbo uliosafishwa ambao Berkeley waliutoa baada ya kesi, wakajaza mapengo, na Novemba 1994 wakatoa FreeBSD 2.0. Hii ninayoitumia Tanga leo ni uzao wa toleo hilo. Hasara ilikuwa ya muda: miaka hiyohiyo BSD ilipokuwa na kiwingu juu yake, Linux, mfumo mwingine wa bure wa mtindo wa Unix, ilikuwa inakua, na mwanzilishi wake Linus Torvalds mwenyewe aliwahi kusema kwamba kama 386BSD ingekuwepo alipoanza, huenda Linux isingezaliwa.

Hapa kuna msomaji atakayesema, basi weka Linux yaishe. Linux naiweka, na mawakili wangu wawili wanaitumia. Ila Linux nayo ilikalishwa kizimbani. Machi 2003 kampuni ya SCO Group iliishtaki IBM ikidai dola bilioni 1, kwa hoja kwamba IBM imepenyeza mali ya Unix ndani ya Linux. Baadaye wakaanza kuwataka watumiaji wa kawaida wa Linux walipie leseni ya dola 699 kwa kila kichakataji, na kampuni ya vipuri vya magari ya AutoZone ikashtakiwa kwa sababu tu inatumia Linux. Fikiria unaendesha duka la spea, unapelekwa kortini kwa mfumo ulioko kwenye seva yako! Mwisho wa yote, Agosti 2007 jaji wa Utah akaamua kwamba hakimiliki za Unix walizozililia SCO ni za Novell, hazikuwahi kuuzwa. Mwezi uliofuata SCO wakaomba ulinzi wa kufilisika. Baraza la wazee wa mahakama likasema hivyohivyo Machi 2010. Mabaki ya kesi ya IBM yalimalizwa mwaka 2021 kwa IBM kuulipa upande wa SCO dola milioni 14.25. Miaka kumi na minane.

Kwa hiyo mifumo yote miwili imevuka mto. Tofauti ninayoiona kwenye kazi yangu ni urahisi wa kueleza. Kwenye mashine ya FreeBSD lipo faili /COPYRIGHT, pale mwanzoni kabisa mwa diski. Masharti ya msingi ni mawili: ukigawa msimbo, acha tangazo la hakimiliki, ukigawa programu iliyokamilika, weka tangazo hilo kwenye nyaraka zake. Basi. Kulikuwa na sharti jingine la kukitaja chuo kwenye kila tangazo la biashara, chuo kikaliondoa Julai 1999. Nilimchapishia mama mwenye ofisi ya forodha nikambandikia kwenye jalada la tenda, pamoja na orodha ya programu za ziada, kwa sababu hizo, kama Samba ya kugawa mafaili kwa mashine za ofisini, zina leseni zake na si haki kuzichanganya.

Wapo wanaoilaumu leseni hii kwamba ni legevu, na lawama ina ukweli. Sony walichukua FreeBSD wakajengea mfumo wa PlayStation 4. Apple wamechota humo vipande vingi. Hakuna anayewalazimisha kurudisha kitu. GPL, leseni ya Linux, inambana mgawaji atoe na msimbo, na kwa mnunuzi wa ruta au televisheni huo ni ulinzi mkubwa zaidi. Ningekuwa natengeneza programu yangu ningechagua GPL. Kwa ofisi inayotumia tu, bila kugawa chochote, FreeBSD haina la kuulizwa.

Sasa kazi. ZFS, mfumo wa kutunza diski, ndio utakaokufanya ubaki. Diski mbili zinabeba kitu kilekile, na umeme wetu mnaujua. Umekatika katikati ya kazi mara nyingi, seva ikawaka tena bila kuanza kukagua diski kwa saa nzima, kwa sababu ZFS haiandiki juu ya data ya zamani kabla mpya haijakaa mahali pake. Kila jioni inapiga picha ya nyaraka zote kwa sekunde chache. Karani akifuta folda ya mzigo wa mteja, nairudisha nikiwa nyumbani. Hata ZFS imepita mahakamani: kampuni ya NetApp iliishtaki Sun, waliotengeneza ZFS, kwa hataza mwaka 2007, wakaachana mwaka 2010. Na leseni yake ndiyo inayoifanya iwe na mgogoro wa kisheria ikiunganishwa na Linux, wakati FreeBSD inakuja nayo ndani ya sanduku.

Masasisho ni ya uhakika. Kabla ya kupandisha toleo, mfumo unahifadhi nakala ya hali uliyokuwa nayo. Likiharibika jambo, unawasha mashine kwa ile ya zamani na ofisi inaendelea. Kitabu cha mwongozo ni bora kuliko vyote nilivyowahi kusoma vya mfumo wa bure. Ni cha Kiingereza, na hilo linawaumiza vijana ninaowafundisha, maana hakuna tafsiri ya Kiswahili.

Ubaya wake usifichwe. Usiiweke kwenye laptopu ya mtu wa ofisi. Waifai za mashine nyingi za kisasa ama hazionekani kabisa ama zinakwenda kwa kuchechemea, na usingizi wa mashine ni bahati nasibu. Printa nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini hazina dereva wake, kwa hiyo uchapishaji nimeuacha kwenye kompyuta nyingine. Mafundi wanaoijua ni wachache. Ukisafiri, ofisi ikae na daftari la amri uliloliandika kwa mkono wako.

Ukitaka kuijaribu, tafuta kwanza kadi ya mtandao ya waya ya Intel, hata ya mtumba. Zile za bei ya chini kabisa zinazokuja kwenye mabodi mengi zinafanya kazi, ila mzigo ukizidi zinayumba, nawe utailaumu FreeBSD kwa kosa lisilo lake. Kwa seva ya nyaraka naipa nyota tano kati ya tano. Kwa mezani pa karani, mbili.