Eksteno ya kupanda basi la Dar: kwa nini nilichukua Samsung T7

Napiga video za harusi na za kumtoa mwali, binti aliyemaliza unyago, hapa Mtwara mjini, na mhariri wangu yuko Dar. Harusi moja kwa kamera mbili, kila moja ikirekodi saa tatu kwa 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, inafika gigabaiti 270. Ukiipandisha kwa intaneti ya megabiti 10, tena isikatike hata kidogo, ni saa 60. Basi la alfajiri linafika Dar siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilipoingia madukani kutafuta eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta, sikuwa nauliza ipi ina mbio kuliko zote. Nilitaka inayovumilia safari, na ambayo ikipotea njiani haitaniumbua.

Hilo la pili wauzaji wengi hawalielewi. Mambo ya ndani ya unyago hatupigi kabisa, hilo linajulikana. Lakini hata ngoma ya uani, kina mama wakishajifunga kanga viunoni na kuchangamka, si ya kuzungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mama wa mwali ananishika mkono kabisa: "Mwanangu, hii isije ikatoka nje." Nikimwitikia, ndiyo nimeshaahidi. Diski isiyofungika kwa neno la siri, kwangu mimi, hata ikiwa ya bei ya chee haifai kusafiri.

Kwa kipimo hicho WD Elements ilitoka mapema. Ni diski nzuri ya kuweka nyumbani, ila haiji na kufuli. WD My Passport inalo, usimbaji wa AES wa biti 256, yaani data inavurugwa isisomeke bila neno la siri, na kwa bei ndiyo iliyonivutia. Tatizo lake ni la diski zote za aina yake: ndani kuna sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma juu yake. Ikiwa imezimwa, kichwa kimeegeshwa, mtikisiko wa basi si balaa sana. Ikianguka mezani huku inakopi, hapo ndipo watu wanalia. Nami nakopi kwenye kumbi, juu ya kiti cha plastiki, watoto wanapita mbio.

T7 ni SSD, inahifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka. Gramu 58, inakaa mfuko wa shati, na kufuli lake ni AES 256 vilevile. Kiwandani wanasema inasoma hadi megabaiti 1,050 kwa sekunde. Usitegemee kuziona. Laptopu yangu ina USB 3 ya kawaida, tundu la buluu, na hapo napata kama 400. Zile gigabaiti 270 zinahama kwa dakika kumi na kitu. Diski ya kuzunguka kwa megabaiti 110 ingechukua dakika 40. Na ukichomeka yoyote kati yao kwenye tundu la zamani la USB 2, jiandae kwa saa mbili. Tena ukikopi moja kwa moja kutoka memori kadi inayosoma megabaiti 90, kadi ndiyo inayokuchelewesha, SSD yako ya bei mbaya haisaidii kitu. Kama hiyo ndiyo kazi yako peke yake, chukua My Passport ubaki na nauli.

Kwenye meza moja nje ya duka nilionyeshwa "SSD ya terabaiti 16", bei haifiki hata ya flashi nzuri. "Nitakupunguzia, dada." Hizo huwa na kadi ndogo ndani iliyodanganywa ukubwa, inapokea mafaili yote kwa adabu, halafu siku ya kuyafungua hayapo. Programu ya bure ya H2testw inaijaza diski kisha inasoma ilichoandika, uongo unaonekana. Ila ukinunua ya terabaiti moja na Windows ikakuonyesha gigabaiti 931, usirudi dukani kugombana: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024.

Ya kwangu niliifomati exFAT, mfumo wa kupanga mafaili unaokubali kote, maana mhariri anatumia Mac na mimi Windows, na ule wa zamani wa FAT32 haupokei faili linalozidi gigabaiti 4. exFAT haipendi kuchomolewa ghafla, kwa hiyo ondoa kwa utaratibu hata kama kondakta anapiga honi. Mhariri naye aweke programu ya Samsung kwenye mashine yake mapema, asije akahangaika kuifungua diski. Na ukisahau neno la siri, hakuna fundi wa kukuokoa. Kuifungua upya ni kufuta kila kitu.

Nakala ya kwanza inabaki Mtwara mpaka mteja achukue kazi yake. Neno la siri nalitamka kwa simu mzigo ukishapokelewa. Kwenye bahasha naandika jina na namba ya mpokeaji tu, na nikiulizwa na wakala kuna nini ndani, ni "vifaa vya studio".