Kihori cha Faiba au Boti ya Tyubu: Kagua Gundi Kabla ya Injini

Wasomaji wa Kilifi, Mtwapa na Msasani wanaotafuta chombo kidogo cha kuwafikisha kwenye mashua zao zilizotia nanga wamekuwa wakiniandikia lalamiko moja: boti ya tyubu, yaani yenye mirija iliyojazwa upepo ubavuni, iliyonunuliwa kwa bei ya kuumiza imeanza kubanduka kwenye maungio baada ya misimu michache tu, na muuzaji anajibu kwamba kosa ni la jua. Jua la pwani halikuanza jana, na muuzaji alilijua vyema alipokuwa akipokea fedha.

Sitawachosha kwa habari za mwendo wala idadi ya abiria, kwa kuwa hayo yamo katika kila tangazo, na yeyote aliyewahi kukanyaga ukingo wa kihori cha faiba akiwa na mzigo begani anajua kwamba boti ya tyubu hutulia zaidi. Linalosahauliwa ni kitambaa cha tyubu na gundi inayokishikilia. Boti hizi, ziwe na kitako cha faiba au cha alumini, hutengenezwa kwa PVC au kwa hypalon, na madukani vyote viwili huitwa mpira. PVC ni plastiki iliyolainishwa kwa kemikali. Ikipigwa na jua mwaka baada ya mwaka, kilainishi hutoka, uso wake hunata kidoleni na kushika kila punje ya mchanga, na ukanda wa maungio huanza kuinuka pembeni, ukiacha mstari wa gundi iliyokauka yenye rangi ya kahawia. Hypalon, ambayo ni mpira wa kutengenezwa viwandani, huvumilia mionzi hiyo kwa miaka mingi zaidi.

Joto huongeza madhara kwa njia ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii. Tyubu iliyojazwa alfajiri kwa shinikizo la bar 0.25, hewa ikiwa na nyuzi 27, kisha ikaachwa juu ya mchanga hadi hewa iliyo ndani ifike nyuzi 57, itakuwa na karibu bar 0.37 adhuhuri, yaani nusu ya ziada, na mzigo huo wote hubebwa na gundi ambayo tayari imelainika kwa joto. Jioni boti hulegea, mwenyewe huongeza upepo, na kesho yake mambo hujirudia. Kifuniko cha turubai, ambacho fundi yeyote wa mahema anaweza kukishona, hupunguza sana uharibifu huu, ingawa sijawahi kusikia muuzaji akikitaja.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa boti ya hypalon yenye kitako cha alumini, na sifichi kwamba naipendelea chapa ya AB. Watengenezaji wengine, Highfield, nao ni wazuri, lakini wao huuza boti zao kwa vitambaa vyote viwili, hivyo jina lililo ubavuni halitoshi. Taka aina ya kitambaa iandikwe kwenye ankara. DuPont, waliolifanya jina la hypalon lijulikane, waliacha kuitengeneza mwaka 2010, na kinachouzwa leo kwa jina hilo hutoka kwa watengenezaji wengine, kwa hiyo uliza pia nani amefuma kitambaa. Ukijibiwa "ni ya Ulaya", bado hujajibiwa.

Nafasi ya pili ni kihori cha faiba, wala si boti ya tyubu ya PVC kama wauzaji wanavyotaka uamini. Ni kweli kwamba kihori huyumba na hugonga ubavu wa mashua usipokifunga matairi, lakini jua hukifubaza rangi tu, kinakwenda vizuri kwa makasia, na kikichubuliwa na matumbawe maji yakiwa yamekupwa, fundi wa Mombasa au Dar es Salaam hukiziba kwa resini na mkeka wa faiba. Kabla ya kulipa, gonga sehemu ya chini kwa kifundo cha kidole na usikilize mahali panapolia kama debe tupu, kisha hakikisha vyumba vya hewa vimezibwa sawasawa.

PVC yenye kitako kigumu inafuata, kwa mwenye banda la kuilaza kivulini. Zile za bei rahisi zinazokunjwa mkobani ziachiwe mabwawa ya kuogelea.

Lililobaki ni bei, na hapa uvumilivu wangu huisha. Wauzaji hutaja bei kwa dola, bila ushuru, bila VAT ambayo Kenya ni asilimia 16, na wakati mwingine hata bila pampu, kisha hukuhakikishia kwamba matengenezo yapo. Gundi ya hypalon ni ya vimiminika viwili, huharibika kopo likikaa rafuni, na kwa kuwa hushika moto upesi, kuisafirisha kwa ndege kuna masharti na gharama. Omba uoneshwe kopo lililopo karakanani, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kutoa malipo ya awali.