TAHADHARI: Wenye Prado za zamani hapa Dodoma, usilipie rimu hujaiona mgongo

Mbukwenyi ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira, ila hofu ndiyo kubwa zaidi, maana najua humu mjini kuna watu wanatembea na kitu kilekile chini ya gari zao na hawajui.

Nina Prado ya 1998, yenye injini ya 1KZ. Huu ni mwaka wa sita niko nayo. Imenifikisha Mpwapwa, Kibakwe na Mvumi, masika na kiangazi, na haijawahi kuniangusha. Mwezi uliopita tairi zilikuwa zimekwisha. Kwenye kundi moja la magari nikaona mtu anatangaza sipoti rimu za inchi 18, tundu sita, tairi zikiwa juu yake, "zinaingia Prado, Surf na Hilux bila shida". Bei milioni moja na laki mbili, na nimwachie rimu zangu za Toyota. Tena alizitaka kweli, aliuliza mara tatu kama hazijapinda. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Hana duka. Tulikutana kwenye kibanda cha mafundi pembeni ya barabara. Nilipoanza kusitasita akaniambia kuna mteja yuko njiani kutoka Singida na hela mkononi. Basi nikaenda kwa wakala kutoa pesa. Niliporudi zote nne zilikuwa zimeshafungwa, gari liko chini linang'aa, na rimu zangu zimeshapakiwa kwenye guta. Risiti? "Bosi, nitakuletea kesho."

Kuanzia spidi 80 usukani ulikuwa unatetemeka. Nikampigia, akasema ni balansi tu. Fundi wa balansi alibandika vipande vya risasi vya kusawazisha mpaka akachoka, akaniambia, "Kaka, hii rimu haizunguki katikati." Sikumwelewa, na safari ilikuwa imeshapangwa.

Jumamosi nilikuwa nampeleka mama msibani Kondoa, watoto wangu wawili wakiwa nyuma. Tulipopita Mayamaya nikasikia mlio nyuma kushoto, ko, ko, ko. Nikadhani ni jiwe limekwama kwenye tairi. Kidogo gari likaanza kuyumba kiuno. Nikaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, nikalitoa nje ya lami. Nati mbili hazikuwepo. Bolti moja ya habu, ile sehemu ya gari inayobeba rimu, ilikuwa imekatika. Nati tatu zilizobaki nilizifungua kwa vidole. Kwa vidole, jamani, na mama yangu ametoka kukaa juu ya tairi ile! Alikwenda kuketi chini ya mbuyu akashika tasbihi yake, hakuniambia neno.

Spea ilikuwa bado ile ya zamani, 265/70R16. Nilipoifunga, gari likasimama upande. Tairi mpya zilikuwa 235/50R18, fupi kuliko spea kwa sentimita nane na nusu. Na Prado hii huvuta tairi zote nne muda wote, kwa hiyo tairi moja ikiwa ndefu hivyo difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, haipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka. Tulirudi mjini mwendo wa baiskeli.

Mzee mmoja fundi, ambaye amefungua gari za aina hii tangu zinaingia nchini, alizishusha zote nne na kuzilaza kifudifudi. Nataka mwelewe alichonionyesha, kwa sababu ukitazama kwa mbele huoni kitu.

Nyuma ya rimu kumegongwa namba: 6x139.7, ET46, 67.1. Ile ya kwanza ni nafasi ya matundu, na inafanana na ya Prado. Ndiyo maana anasema "zinaingia". Lakini 67.1 ni upana wa tundu la katikati kwa milimita, kipimo cha Pajero. Habu ya Prado inataka 106. Kwa hiyo walichukua grenda wakakwangua tundu mpaka likapita, karibu sentimita mbili za chuma kila upande, kwa macho tu, bila mashine ya kuchonga. Tundu limetoka kama yai. Rimu haikalii habu tena, inaning'inia kwenye nati peke yake, na chuma kilichobaki kati ya tundu la katikati na matundu ya nati ni chembamba. Rimu moja ilikuwa tayari na ufa hapo, umepigwa puti na rangi ya fedha juu.

Hiyo ET46, namba ya jinsi rimu inavyoingia ndani ya gari, nayo inaivuta rimu ndani kiasi cha kugusa mikono ya mbele, vile vyuma vinavyoshika habu chini ya gari. Dawa yao ilikuwa kuchomeka spesa, bamba la alumini lisilo na bolti zake lenyewe. Bolti zikabaki fupi. Nati ilikuwa inashika zamu nne tu za kuzungusha, wakati mzee anasema chini ya zamu nane hathubutu kuruhusu gari kutoka kwake. Na nati zenyewe ni zile zangu za Toyota zenye washa bapa, kwenye rimu zinazotaka nati ya kichwa cha koni. Zisingekaza hata kwa dua.

Tairi sitazisema sana. Zina namba 97 ubavuni, yaani kilo 730 kila moja. Zangu za zamani zilikuwa 112, kilo 1,120. Na zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilisomeka 1413, wiki ya 14 ya mwaka 2013. Aliniambia ni "za mwaka jana".

Nilimrudia. Akasema mali ikishauzwa hairudi, na rimu zangu ameshaziuza. Siku ya pili simu haipatikani. Sina risiti ya EFD, sina hata karatasi ya mkono, na hilo linaniuma kuliko pesa, kwa sababu sheria ya mauzo inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi uliyomwambia, na mimi nilimwambia Prado. Bado nakwenda kulalamika Tume ya Ushindani, FCC, nikiwa na picha na ujumbe wake wa simu.

Kama umefunga rimu za aina hii karibuni, usisubiri wikendi. Ing'oe moja leo, ilaze, tazama tundu la katikati kama lina mikwaruzo ya grenda, tazama kama kuna bamba nyuma yake, hesabu zamu za nati unapoifunga. Anayekukatalia kuilaza kifudifudi kabla hujalipa, muache na mteja wake wa Singida.

Na kama kuna aliyeuziwa rimu nne za Prado za inchi 16, moja ina mkwaruzo mrefu pembeni mwa valvu, nyingine imeandikwa herufi K kwa msumari upande wa ndani, niandikie inboksi. Sikulaumu, umenunua kama nilivyonunua mimi. Nitakurudishia pesa yako yote nizichukue.